Mahudhurio ya Tarehe Kumi na Nne

Miezi mitatu baada ya harusi yangu, shangazi alikuja kwetu saa sita mchana, siku ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aajiriwe. Mume wangu ni fundi friji, na siku hiyo alikuwa ametandaza friji ya watu sebuleni, vipande vipande. Shangazi akavirukaruka vile vipande kama msichana anayeruka kamba, akakaa kwenye mkono wa kochi, mkoba mapajani, akaniuliza kwa upole kabisa:

"Mwanangu, siku ile ya harusi yako, ulimwona mtu yeyote pale ukumbini akihutubia habari za kuunganisha halmashauri?"

Nilidhani jua limempiga. Nikamwambia kwamba siku ile sikuiona hata sahani niliyowekewa mbele yangu, sembuse hotuba. Mume wangu, bisibisi mdomoni, akatikisa kichwa kuwa naye hakuona. Basi shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akateleza kutoka kwenye mkono wa kochi akaangukia kwenye kochi lenyewe, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akatulia, akatutazama, akaanza tena. Mimi sijui kuvumilia kicheko cha mtu. Nilicheka naye kwa muda mrefu kabla sijajua tunacheka nini.

Huyu shangazi, dada yake baba, ndiye karani wa vikao wa halmashauri yetu. Amekaa kwenye kiti kile miaka ishirini na miwili. Diwani akikohoa, kikohozi kinaingia kwenye muhtasari. Halmashauri yenyewe si kubwa: ofisi ya vyumba sita, wafanyakazi kumi na tisa, gari moja la taka, na ukumbi wenye feni nne ambazo tatu huzunguka. Lakini hapo ndipo watu wetu wanapopata cheti cha mtoto, leseni ya genge la mboga, kibali cha kujenga. Unaingia asubuhi, unatoka chai uliyoiacha nyumbani bado ina uvuguvugu.

Mwezi mmoja baada ya harusi ililetwa amri ya waziri, imepigwa chapa kwenye gazeti la serikali. Ilisema kuwa kuanzia siku ya kwanza ya mwezi wa saba halmashauri yetu imevunjwa, na eneo lake linaunganishwa na halmashauri ya mji mkubwa, mwendo wa saa tatu kwa barabara, hapo ikiwa mvua haijanyesha. Mwishoni ilisema kwamba wananchi walishirikishwa kama sheria inavyotaka, nao wakaunga mkono kwa kauli moja. Haikusema lini wala wapi.

Shangazi aliisoma mara tatu, akaikunja, akatoka nayo mpaka kwa mwenyekiti. Mwenyekiti wetu ni kinyozi, na siku zisizo za kikao humkuti kwingine ila kibandani kwake. Alimkuta amemnyoa mteja nusu ya kichwa. Mwenyekiti akaisoma ile amri mashine ikiwa inanguruma mkononi, akamuuliza mteja kama aliwahi kushirikishwa. Mteja akasema yeye hata nywele zake mwenyewe hajashirikishwa, aliomba zipunguzwe tu pembeni. Wakauliza na waliokaa kwenye benchi la kungojea. Hakuna aliyeitwa popote, hakuna aliyeona tangazo, hakuna aliyesikia.

Wakaenda kwa wakili. Ofisi yake iko juu ya duka la viatu, na ngazi zake zinanuka gundi na ngozi. Wakili alikuwa dada mmoja mdogo wa umri, mwepesi wa akili, aliyezoea kesi za mipaka ya viwanja na za talaka. Alikuwa na kasoro moja ambayo aliwaeleza mapema ili wasije wakashtuka: akiingiwa na wasiwasi, hucheka. Si kwa dharau, ni maumbile. Kwenye kesi ya talaka iliwahi kumponza.

Aliwaeleza kwamba njia iliyopo ni kuomba mapitio ya mahakama. Maana yake, akasema, hatumwombi jaji aamue kama kuunganisha ni kuzuri au kubaya. Hiyo si kazi yake. Tunamwomba atazame waziri alipita mlango gani. Sheria imesema kabla ya kuvunja halmashauri, waite watu, waulize, wasikilize. Kama hakuwaita, amri yake haina miguu ya kusimamia, hata kama wazo lenyewe lingekuwa zuri kama nini.

Mwenyekiti, madiwani wawili na mwenye genge mmoja wakawa waombaji. Kibali cha kufungua shauri kikatoka, na jaji akaamuru kila kitu kikae kama kilivyo mpaka asikilize. Tulifurahi wiki nzima. Kisha likaja jibu la serikali.

Ilikuwa hati ya kiapo ya mratibu wa wizara, pamoja na ripoti yake. Ripoti ilisema mkutano wa wananchi ulifanyika kwenye ukumbi wa halmashauri, Jumamosi ya tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Waliohudhuria ni watu mia mbili na kumi na sita. Orodha imeambatishwa, kurasa tisa, majina na saini.

Wakili alimwita shangazi ofisini, akampa zile kurasa, akaanza kucheka kile kicheko chake kibaya. Saini mia mbili na kumi na sita si mchezo. Shangazi akavaa miwani. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa mpishi. Wa pili, mpiga picha. Wa tatu alikuwa shangazi mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, ule wa herufi zilizosimama wima kama askari.

Alisema kwamba kwa kitambo kidogo alijishuku. Alijiuliza kama kweli alihudhuria mkutano akasahau. Akashuka na kidole: mama mkwe wangu na dada zake wanne, wamefuatana. Wanakwaya. Mwalimu wangu wa darasa la tatu. Bibi yake mume wangu, ambaye haandiki, alama ya dole gumba. Hapo kidole kikasimama. Tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu ndiyo siku niliyoolewa, na niliolewa ndani ya ukumbi ule ule.

Orodha ile ilikuwa kitabu cha wageni wa harusi yangu.

Kila ukurasa ulikuwa na safu ya nne ambayo kwenye nakala ilionekana nyeupe. Mtu alikuwa ameifunika kwa kipande cha karatasi wakati wa kutoa kopi. Lakini ukurasa wa saba kile kipande kiliteleza, na pale pembeni, wazi kabisa, mbele ya jina la shemeji mmoja, palisomeka: *Mungu awajalie mapacha, tena upesi.*

Wakili aliposoma hapo, alicheka kicheko kingine, cha kweli safari hii, mpaka mwenye duka la viatu akapanda kuuliza kama kuna usalama.

Ndipo shangazi alipofunga safari ya kuja kwetu. Alitaka kwanza kuhakikisha kwamba hakuna hotuba iliyopenya katikati ya nyimbo. Tulipomhakikishia, na tulipokwisha kucheka wote watatu, uso wake ukabadilika. Akatuambia kwa nini mratibu aliweza kuuchukua ule mwandiko na kuuita mahudhurio. Asubuhi ya harusi tuligundua kwamba hakuna aliyenunua kitabu cha wageni. Shangazi akakimbia ofisini, akafungua kabati, akatoa kitabu kipya cha mahudhurio cha halmashauri, chenye mistari na safu zake zilizochapwa tayari: jina, anakotoka, saini, maoni. Jioni kikabaki mezani ukumbini. Jumatatu akakirudisha kabatini na hakumwambia mtu.

Mwanamke aliyewahi kumwandikia onyo mhudumu kwa kupeleka nyumbani penseli ya ofisi.

Mwenyekiti alimshauri aache kipande hicho. Aseme tu kwamba kitabu kilikuwa cha familia, nani atauliza? Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza madiwani, kisha akamjibu:

"Nikidanganya kwenye kiapo ili tushinde, basi na mimi nitakuwa nimeokota watu harusini nikawaita mkutano."

Akaandika. Aya ya nne ya hati yake ya kiapo inakiri kwamba alichukua kitabu cha umma kwa shughuli ya familia bila idhini ya maandishi, na kwamba anajua hilo ni kosa. Wakili alitaka kulilainisha. Shangazi alikataa hata koma kusogezwa.

Nami nikaapa ya kwangu: kwamba mimi ndiye bi harusi, kwamba kati ya saa nne na saa tisa nilikuwa naolewa, na kwamba hakuna wakati wowote niliokubali jambo lingine. Mpiga picha akatoa picha. Kamera yake ina mtindo wa kizamani wa kuandika tarehe na saa pembeni kwa rangi ya chungwa, mtindo ambao mume wangu aliulalamikia sana kwamba umetuharibia albamu. Lakini kwa picha ya sita mtindo huo ulisameheka. Mratibu wa wizara alikuwemo, wa tatu kwenye mstari wa wachezaji, koti amelifunga kiunoni, jalada la wizara kwapani, macho ameyafumba kwa raha.

Siku ya shauri tulikwenda mji mkubwa na pikapu ya mume wangu. Nyuma kulikuwa na friji ambayo mwenyewe alikuwa mji ule ule, basi mwenyekiti akasafiri saa tatu ameikumbatia isianguke, amevaa suti. Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo kuliko nilivyotazamia, chenye mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na makalio ya watu wengi wenye shida. Mratibu alikuwa amekaa nyuma kabisa, mnyonge, akitazama viatu vyake.

Jaji alikuwa mama wa makamo mwenye miwani mbili: moja ya kusomea, moja ya kuwatazamia mawakili. Alikuwa amesoma kila kitu. Aliuliza maswali machache kwa wakili wetu, ambaye alijibu vizuri huku amejibana mdomo mpaka mashavu yakamvimba. Kisha akamgeukia mwanasheria wa serikali, kijana nadhifu, aliyeonekana kuwa alikabidhiwa jalada lile asubuhi ile ile.

Kijana akajitahidi. Alisema sheria haikueleza mkutano uwe na sura gani. Alisema harusi nayo ni mkusanyiko wa wananchi, tena wa hiari. Jaji akabadilisha miwani.

"Ukurasa wa saba," akasema. "Mwananchi namba mia moja sitini na mbili anaomba mapacha. Hayo ni maoni kuhusu halmashauri?"

Mwanasheria alifungua ukurasa wa saba. Ni wazi hakuwa ameuona. Akasema kwamba inawezekana mwananchi huyo alikusudia halmashauri mbili, zilelewe pamoja.

Chumba kikaanza kutikisika kidogo kidogo, kama sufuria inayokaribia kuchemka. Jaji hakucheka. Akauliza:

"Na bwana harusi aliposema nakubali, alikuwa anakubali mke au anakubali amri ya waziri?"

Na yule kijana, ambaye naamini alikuwa amechoka tu, akajibu, "Mheshimiwa Jaji, yote ni kuunganishwa."

Hapo wakili wetu akaachia. Kicheko chake kilitoka kama maji kwenye bomba lililopasuka, na sisi wengine tukamfuata, mwenyekiti, mwenye genge, karani wa mahakama, hata askari wa mlangoni aliyegeuka ukutani mabega yakimruka. Mume wangu alikuwa ananishika mkono akinibana kila akivuta pumzi. Jaji aliinuka, akasema mahakama inapumzika dakika kumi, akatoka kwa hatua za heshima, akafunga mlango. Nyuma ya ule mlango tulimsikia. Alicheka peke yake kwa muda mrefu, kwa sauti nzito ya mtu ambaye hajacheka kazini miaka mingi.

Aliporudi, macho mekundu, alikuwa jaji tena. Alisema atasoma uamuzi mchana huo huo, na saa nane akausoma. Alisema waziri anayo mamlaka ya kuunganisha halmashauri, na mahakama haiyagusi mamlaka hayo. Lakini mamlaka yamewekewa njia, na njia ni kuwauliza watu. Watu hawa hawakuulizwa. Walikwenda kula na kucheza. Kwa hiyo amri imetenguliwa, na waziri akitaka anaweza kuanza upya, kwa kufuata sheria. Kuhusu karani wa vikao, alisema, mahakama imeisoma aya ya nne, na ingependa kuona viapo vingi zaidi vya namna hiyo, hususan kutoka wizarani.

 Shangazi alikaa ameshika mkoba. Nilimwona tu kidole gumba kikipapasa kifungo cha mkoba, kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, na chozi moja likamfika kidevuni bila yeye kulifuta.

Nje, kwenye ngazi, mratibu alitufuata. Akamwamkia shangazi, akasema hana uso wa kumtazama. Alikuwa amepewa siku moja ya kufanya kazi ya mwezi mzima. Matangazo ya mkutano hayakuwahi kutoka kwenye buti la gari. Alipofika ukumbini akakuta harusi, akasimama mlangoni, na baba mkwe wangu, ambaye hawezi kuona mtu kasimama, akamvuta ndani na kumpa sahani. Mchana akampigia simu mkuu wake, akaambiwa ripoti ifike Jumatatu, itoke itokako. Ndipo alipokiona kitabu mezani, akakitoa kopi na kukirudisha kimyakimya.

"Lakini, mama," akasema, "mimi siku ile nilifurahi kweli. Hilo halikuwa la uongo."

 Shangazi akamwambia kwamba anaonekana kwenye picha, na kwamba anacheza vizuri kuliko anavyoandika. Mratibu akacheka kwa aibu, nasi tukashuka.

Kurudi ilikuwa vurugu tupu. Friji ilikuwa imeshushwa, kwa hiyo nyuma tukajaa watu sita, tukiimba nyimbo ambazo hakuna aliyejua maneno yake yote. Wakili, viatu mkononi, alikuwa anacheka bila wasiwasi wowote, na alituambia ni mara ya kwanza kusikia sauti hiyo ikitoka kwake. Tulipoingia mjini kwetu mwenyekiti akaomba ashushwe kibandani, kwa kuwa wateja wake walikuwa wamejipanga mlangoni tangu mchana wakingoja habari, na akanyoa watu kumi na mmoja akisimulia. Wengi hawakuwa na nywele za kunyolewa. Walikaa tu kwenye kiti ili wasikie.

Kwenye kikao kilichofuata, madiwani walitaka kulipita jambo la kitabu kimyakimya. Shangazi akanyoosha mkono na kuwakumbusha kwamba liko kwenye ajenda, aliliweka mwenyewe, namba tano. Basi mwenyekiti, akibabaika, akampa onyo la mdomo. Shangazi akaliandika onyo lake mwenyewe kwenye muhtasari, akamsahihisha mwenyekiti sentensi ya pili ili lisomeke kali zaidi, akamsomea, akauliza kama kuna marekebisho. Hakukuwa na marekebisho. Diwani mmoja alikuwa ameinamisha kichwa mezani, mabega yanatetemeka.

Waziri alianza upya. Safari hii matangazo yalibandikwa wiki tatu kabla, kwenye kila nguzo, na gari la taka likapita mitaani na kipaza sauti. Asubuhi ya mkutano ukumbi ulijaa, madirisha yakajaa, na waliokosa nafasi wakakaa chini ya madirisha wakipokea maneno kutoka kwa waliosimama. Mratibu aliyetumwa alikuwa mwingine, mama mmoja mtulivu mwenye kalamu nne, na aliandika kila kitu.

Nami nawaambia kwamba haikuwa kauli moja. Mwenye genge alipinga. Mwenye mashine ya kusaga aliunga mkono, kwa kuwa mji mkubwa una lami, akazomewa, na shangazi akasimama akataka asikilizwe mpaka amalize, akasikilizwa. Mzee mmoja aliuliza kama tunaweza kuunganishwa barabara tu, ofisi zibaki. Baba mkwe wangu alishika kipaza sauti akazungumzia mtaro wa nyuma ya soko kwa dakika ishirini na mbili, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya. Watu walicheka, walikasirika, walikatizana, walipeana zamu. Saa kumi jioni bado mstari wa wanaotaka kusema ulikuwa umefika barabarani.

Miezi miwili baadaye waziri aliandika barua ya aya mbili kwamba halmashauri ibaki kama ilivyo. Lakini mimi siku ninayoikumbuka ni ile ya mkutano. Nilikuwa nimesimama mlangoni, jasho linanitiririka, namtazama shangazi kwenye meza ya mbele. Alikuwa amejaza ukurasa wa kumi na nane na anafungua wa kumi na tisa, mkono umemlegea kwa kuandika, na kila aliyekuja kutia saini alimuuliza jina, anakotoka, na, akimnyooshea kalamu kwa tabasamu ambalo hakujisumbua kulificha, ana maoni gani.